Mabomba ya Maji Darini

Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzifikishe kwa mama watoto na jamaa wote. Nimefurahi kusikia kwamba nyumba yako ya Kiamunyi, Nakuru, imefika kwenye paa. Ulitaka kujua kama umruhusu fundi apitishe mabomba ya maji darini, kati ya siling na mabati, badala ya kuyazika sakafuni. Mruhusu, ila mpe masharti.

Uingereza na Marekani watu huogopa kupitisha mabomba darini kwa kuwa wakati wa baridi kali maji huweza kuganda humo na kuyapasua. Nakuru shida hiyo haipo. Kinachotusumbua huku kwetu ni joto la mabati. Bomba la PPR, yaani la plastiki ngumu inayounganishwa kwa kuchomelewa kwa joto, hurefuka takriban milimita 0.15 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwa hiyo bomba la mita 10 likipata nyuzi 30 zaidi mchana litakuwa limerefuka milimita 45. Likibanwa kotekote litapinda na kuvuta viungo vyake. Mwambie fundi atumie klipu zinazoliacha liteleze, na palipo na safari ndefu aweke kona ili urefu huo upate pa kwenda.

Viungo ndivyo vinavyonihangaisha zaidi. Ni kweli kwamba bomba likivuja darini hutavunja saruji kulifikia, lakini bodi za jipsamu hunywa maji kimyakimya hadi zianguke. Sipendi kiungo chochote juu ya vyumba vya kulala; bomba kuu lifuate korido, na matawi yashuke ukutani. Siku ya kuchomelea, tafadhali uwepo. Mashine ipate nyuzi 260, bomba la milimita 20 lipashwe kwa sekunde 5, kisha lisukumwe ndani ya kiungo moja kwa moja bila kuzungushwa. Kiungo kilichokaa vizuri huonyesha ukingo mdogo wa plastiki, wenye unene ule ule pande zote. Fundi akizidisha muda, plastiki huvimba ndani na kufinya njia ya maji, nawe utakuja kulilaumu tangi bure.

Tangi lenyewe lisiwekwe juu ya mbao za siling, maana lita 1000 za maji zina uzito wa tani moja. Lijengee mnara nje, mrefu kadiri uwezavyo: kila mita ya kimo huongeza shinikizo la takriban bar 0.1 tu (bar ni kipimo cha shinikizo), na shawa yenye bar 0.2 haimridhishi mtu.

Weka koki mahali bomba linapopanda kwenda darini, pawe pa kufikiwa hata na mtoto mkubwa. Kabla bodi hazijapigiliwa, jaza mabomba yote maji, uyapime kwa shinikizo mara moja na nusu ya lile la kawaida, kisha upande mwenyewe na tochi ukapapase kila kiungo kwa mkono mkavu.

Nitumie mchoro wa fundi mapema, nione korido inapoishia na bafu zilipo, kisha nikuandikie ni wapi pa kupunguza viungo.

Wako daima,
Rafiki yako wa Kisumu