Barua ya wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani: madereva wenye ADHD tupo, naomba tufundishwe

Afande Kamanda, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa dereva mwenye leseni halali, mama wa watoto wawili, mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka juzi, nikiwa na miaka 36, daktari aliniambia nina ADHD. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Umakini haukai pale unapoutaka. Unakwenda unakotaka wenyewe, na mwenye nao anagundua umeshaondoka.

Kilichonipeleka kwa daktari ni zebra iliyo mbele ya shule moja ya msingi. Ilikuwa saa nane mchana, barabara nyeupe, sina haraka, simu iko kwenye mkoba kiti cha nyuma. Macho yakaenda kwenye bango la saruji. Saruji ikanikumbusha ukuta wa nyumbani, ukuta ukanikumbusha fundi aliyekula hela yangu, nikaanza kumpangia maneno ya kumwambia. Niliporudi barabarani, binti wa darasa la pili hivi alikuwa katikati ya zebra, mkono juu kama walivyofundishwa. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama, na kati ya bampa na begi lake pangepita kiganja tu. Hakukimbia. Alibaki ananitazama, mkono bado uko juu, mpaka mama wa maandazi alipokuja kumshika.

Afande, kwa mwendo wa 50, ule wa kwenye makazi ya watu, gari linakula karibu mita 28 kwa sekunde mbili. Mimi nilikuwa kwa yule fundi zaidi ya hapo.

Nilijifunza udereva kwenye chuo ambacho sitakitaja. Kila niliposahau indiketa au kuvuka mstari, mwalimu alinipigia kelele: "Dada, akili yako iko wapi?" Lilikuwa swali zuri mno, laiti angeliuliza kwa nia ya kupata jibu. Nilichojifunza pale ni kuficha. Nikakariri alama zote, nikafaulu, nikaingia barabarani na tatizo lilelile bila hata jina lake.

Tatizo hili linafundishika. Mwaka 2022 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walichapisha matokeo ya mafunzo waliyowapa vijana wenye ADHD wa miaka 16 hadi 19. Kijana anakaa kwenye gari la kuigiza mbele ya kompyuta, na kila macho yanapokaa mno nje ya barabara kengele inalia. Mwezi mmoja baadaye walipopimwa tena, waliofunzwa waliachia macho kwa sekunde mbili au zaidi mara 16.5 kwa wastani. Wenzao waliopewa mafunzo ya kawaida, mara 28. Barabarani kwenyewe pia walipunguza ajali na kukoswakoswa. Sisemi tununue mitambo ile kesho. Mwalimu wa udereva anayejua kuyatazama macho ya mwanafunzi wake, na kumgusa bega yanapoondoka, anaweza kuanza Jumatatu.

Dawa nazo zinasaidia. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2017, uliofuatilia zaidi ya watu milioni mbili wenye ADHD, ulionyesha kwamba katika miezi waliyopata dawa, hatari ya kufikishwa hospitali kwa ajali ya gari ilikuwa pungufu kwa asilimia 38 kwa wanaume na 42 kwa wanawake. Najua dawa si kazi ya trafiki. Nimetaja ili ujue kwamba mtu anayejitambua na kutibiwa ni salama zaidi kuliko aliyejificha.

Na hapo ndipo penye hofu yangu. Naogopa mtu atasoma barua hii na kusema, basi tuwanyime leseni. Mkifanya hivyo hakuna atakayekwenda kupimwa, na tutaendelea kuendesha, kimya. Uingereza, mwenye ADHD anatakiwa kuiarifu mamlaka ya leseni pale tu hali yenyewe au dawa zake zinapoathiri uendeshaji wake. Kuwa nayo peke yake hakumnyimi mtu leseni. Naomba na kwetu msimamo huo utamkwe wazi, na wewe mwenyewe, ili dereva wa daladala au kijana wa bodaboda anayejihisi hivi aweze kumwambia daktari bila kuogopa kupoteza mkate wake.

Mimi siku hizi naendesha gari la gia za mkono, maana kubadili gia kunanirudisha barabarani. Redio nazima. Nikiona zebra natamka kwa sauti, "zebra", hata nikiwa na abiria. Haya niliyagundua mwenyewe, baada ya yule binti. Ningeyapata chuoni, nisingemsimamisha mtoto wa mtu pale.

Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ijayo, naomba nusu saa na walimu wa vyuo vya udereva. Nitakaa kwenye kiti cha dereva, mmoja wao akae pembeni yangu, tuzunguke mtaa, atazame macho yangu yanavyoondoka.

Wako mtiifu,
Dereva, Dar es Salaam