Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe paka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofuga mbwa na paka, hasa huku mwambao ambako joto na unyevu havipumzishi viroboto mwaka mzima. Kubwa linaloniumiza ni dawa za josho. Zinapimwa dukani kwenye kichupa kisicho na lebo, mnunuzi anaambiwa "changanya kidogo na maji", naye anakwenda kumpaka paka. Nyingi zina saipamethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kama la mbwa au ng'ombe. Hata dawa halali ya mbwa yenye pemethrini, sumu ya jamii hiyohiyo, humuua paka, na paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa leo yuko hatarini vilevile. Soma jina la kiambato cha dawa: likiishia na herufi t-h-r-i-n, usimpake paka ila lebo iwe imemtaja paka. Amitrazi nayo ni ya kupe na ukurutu. Kwa viroboto haifanyi kazi ya maana, na paka humdhuru.

Aliyekwisha kupakwa, masikio huanza kuchezacheza, mate yanamtoka, anayumba, kisha mwili mzima unatetemeka hadi degedege. Mwoshe upesi kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Ya moto huzidisha kupenya kwa sumu kwenye ngozi, ya baridi humpoza mwili. Mkaushe, mfunge kwa taulo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Msimnyweshe maziwa: anayetetemeka hawezi kumeza vizuri, nayo huingia mapafuni.

Sasa, kwa nini watu hufikia kutafuta dawa kali? Kwa sababu walimwogesha mnyama jana na leo anajikuna tena. Viroboto unaowaona mwilini ni wachache kuliko walioko nyumbani. Jike mmoja hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, meupe kama chembe za chumvi, nayo hayashiki manyoya. Huanguka mnyama anapolala. Mabuu hujificha gizani, kwenye nyufa za sakafu, chini ya mkeka, kwenye mchanga wa kivulini, wakila kinyesi cha viroboto wakubwa ambacho ni damu iliyokauka. Kisha hujifunga kwenye kifukofuko kinachonata vumbi, ambacho dawa haikipenyi. Humo kiroboto anaweza kungoja miezi, hadi asikie mtikisiko wa hatua na joto la mwili. Ndiyo maana ukifungua nyumba iliyofungwa siku nyingi wanakurukia miguuni.

Kwa hiyo fagia kila siku pale anapolala na takataka uzichome. Matandiko yafue kwa maji ya moto kila wiki, mikeka ianikwe juani. Na wanyama wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata asiyejikuna, kwa miezi 3 mfululizo, kwa kuwa vifukofuko vitaendelea kupasuka muda huo. Mwezi wa kwanza bado utaona viroboto wapya. Wengi huacha dawa hapo, wakidhani ni feki.

Dawa ya viroboto ya kudondoshea ngozini, yenye fipronili, hupatikana: ya paka ni nusu mililita, ya mbwa wa kilo 10 hadi 20 ni mililita 1.34, kila baada ya wiki 4. Gawa manyoya katikati ya mabega mpaka uione ngozi, umimine yote hapo. Ikibaki juu ya manyoya imepotea. Asiogeshwe siku 2 kabla na siku 2 baada, maana dawa husambaa kwa mafuta ya ngozi na sabuni huyaondoa. Sungura asipakwe kabisa, humuua. Watoto wa mbwa na paka walio chini ya wiki 8 wachanwe kwa kitana cha meno ya karibu kinachochovywa kwenye maji ya sabuni. Ufizi wao ukiwa mweupe, damu imepungua. Huyo ni wa daktari siku hiyohiyo.

Wapo wanyama wenye mzio wa mate ya kiroboto. Kwa hao, kuumwa mara moja au mbili kunatosha kuwawasha siku kadhaa. Mbwa hunyonyoka juu ya mkia, kiunoni na mapajani. Paka, pitisha vidole shingoni na mgongoni, utahisi vigaga vidogo kama punje za uwele. Mwenye mnyama ataapa hajaona kiroboto, na ni kweli: mnyama amewalamba na kuwameza. Mchane juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Chembe nyeusi zikitoa wekundu, ni kinyesi cha viroboto. Muwasho hutulizwa kwa prednisoloni ya siku chache aliyoipima daktari, na vidonda vyenye usaha huhitaji antibiotiki. Paracetamol msimpe paka, hata kipande.

Na kwa kuwa viroboto hubeba tegu, tazama chini ya mkia. Ukiona vipande kama punje za mchele, mnyama apewe prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mpime kwanza kwenye mizani.

Daktari wa mifugo,
Tanga