Mwanangu, mkataba umesemaje?

Mwanangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, mkataba wa hiyo kampuni umeusoma wote? Wataka madaka, hizo kumbi za mlangoni zenye baraza, na milango ya mtaa wa Mkomani hapa Lamu ndani ya ulimwengu wao wa mtandaoni, na malipo umeyataja mara tatu. Nani atamiliki kazi hiyo, hukutaja hata mara moja.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya 2001, yasema kazi ya kuagizwa, sawa na ya mwajiriwa, hakimiliki yake humwendea aliyeagiza, ila pakiwa na makubaliano mengine. Ukinyamaza, umeshatoa. Andikisha kwamba maumbo ni yako, wao wana leseni ya kuyatumia humo tu. Faili za Blender, hiyo programu yako ya kuundia maumbo, na picha za nakshi ziweke diski mbili, moja nitumie kwa basi niifungie kabatini. Google walifungua Lively, ulimwengu wao wa vyumba vya mtandaoni, Julai 2008, Desemba hiyohiyo wakaifunga, na vyumba watu walivyovipamba vikapotea nayo.

Second Life, ulimwengu mwingine wa mtandaoni, tangu Novemba 2003 wanakubali mtengenezaji abaki na hakimiliki yake. Ardhi ya humo ni jambo jingine: eneo zima ni mita 256 kwa 256, nalo ni nafasi tu kwenye sava, yaani kompyuta, za kampuni yenyewe. Marc Bragg wa Marekani alifungiwa akaunti yake humo mwaka 2006, ardhi ikaenda nayo, ikabidi aende mahakamani. Naye ni wakili! Wewe utashika nini kama si mkataba?

Tena kila kitu humo Second Life kina ruhusa tatu: kunakili, kubadili, kumpa mwingine. Usizifungue zote. Ukishatoa nakala yenye ruhusa kamili, kuzifunga baadaye hakuifikii nakala iliyokwisha toka.

Daka lako nimeliangalia sana. Baraza zake mbili zimekaa sawasawa, na kivuli chaangukia pale panapostahili. Lakini daka la Lamu mpita njia huketi bila kuulizwa. La mtandaoni mwenye eneo humtoa mtu kwa kubofya, akamzuia asirudi. Waambie waandike kuwa daka na njia vitabaki wazi kwa kila mgeni. Waandike, wasikwambie kwa mdomo.

Mlango wa kale, ambao fundi wake amekufa zaidi ya miaka 50, hauna neno. Ule wa mtaa wa Langoni fundi wake yuhai, nakshi ni yake, na wewe umeupiga picha ukaondoka bila kumuuliza. Si adabu uliyolelewa. Nitumie karatasi ya ruhusa, nitampelekea mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikisema hayo ya kompyuta ni mchezo sina haki ya kukaa kitako sasa.

Dari ya ukumbi imeanza kuvuja, fundi ataka boriti mbili na chokaa. Babako asema tungojee malipo yako. Mimi nasema boriti zitangoja, usitie sahihi Jumatatu kwa ajili ya dari. Mkataba nipigie picha leo, kurasa zote, hata zile za herufi ndogo.

Mamako