Kwa vijana wa rege na dansihol wa Bombo: mmeiga bifu, kazi mmeiacha

Wanangu,

Salaam aleikum, na wale wa kanisani nawasalimu vilevile. Nawaandikia wote pamoja kwa sababu nikimwita mmoja kando, wenzake watasema mzee kachukua upande. Bombo yetu hapa Uganda ni mji mdogo, nao umeshagawanyika kambi mbili kwa ajili ya vijana ambao hata nyimbo tano hawajatoa. Harusi ya juzi dijei aliogopa kupiga wimbo wa upande mmoja. Mimi nimekodisha spika na jenereta tangu hamjazaliwa, na dijei kuogopa wimbo ni jambo geni kwangu.

Mnaniambia ndivyo walivyofanya wakubwa. Haya, tuwatazame hao wakubwa.

Ni kweli waimbaji wetu wa Uganda, Bebe Cool, Bobi Wine na Jose Chameleone, walirushiana maneno miaka na miaka, kila mmoja na jeshi lake la wasanii: Gagamel, Fire Base, Leone Island. Redio zikanogewa, mashabiki wakanuniana. Lakini kabla ya kelele kulikuwa na jasho. Chameleone na Bebe Cool walikwenda Nairobi kwenye studio ya Ogopa Deejays wakati ambapo hapa nyumbani hakuna aliyewajua, wakajifunza studio inavyofanya kazi. Chameleone alirudi na Kiswahili mdomoni, ndiyo maana "Jamila" na "Shida za Dunia" zilipokewa na watu wasiojua neno la Kiganda. Bebe Cool akaungana na Nazizi na Wyre wa Kenya, wakajiita East African Bashment Crew. Bobi Wine alikaa darasani Makerere akasomea muziki, ngoma na maigizo. (Ya ubunge wa 2017 na ya urais siyaingii hapa, kila mtu ana kura yake.) Hao ndio walioweza kugombana na bado wakabaki na nyimbo za kuimba. Ninyi mmeanza na ugomvi. Mniwie radhi, ila wahenga walisema mwiga tembo kunya hupasuka msamba.

Na hata huko Jamaika mnakodai kuiga, mpambano ni kazi. Beenie Man na Bounty Killer walikutana jukwaani kwenye tamasha la Sting mwaka 1993, watu wakaamua kwa masikio yao nani mkali wa maneno. Miaka kumi baadaye, Sting hiyohiyo, Vybz Kartel na Ninjaman walifika kwenye ngumi, na mpaka leo ukiitaja Sting ya mwaka ule watu wanakumbuka ngumi. Kwetu pia mfano upo. Septemba 2023 waimbaji wetu Cindy na Sheebah walimaliza maneno yao kwa kuimba, uwanjani Kololo, Kampala, watu wakilipa kiingilio. Nani alishinda? Kila shabiki ana jibu lake, na wote wawili walirudi nyumbani na heshima yao. Kama lazima mpambane, nitatoa spika zangu bure na jenereta juu yake. Mafuta mtanunua wenyewe.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Nimesikiliza nyimbo zenu. Karibu zote zimepandwa juu ya midundo mliyoipakua kwenye intaneti, mingine bado ina sauti ya mwenyewe akitaja jina lake katikati ya wimbo! Mtanijibu kwamba dansihol ndivyo ilivyo, ridimu moja, yaani mdundo mmoja, hupandwa na waimbaji wengi. Sawa. Mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wa Jamaika walitoa mdundo wa Sleng Teng kutoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, na waimbaji wengi mno wakaupanda mdundo ule. Lakini mdundo ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Yenu mingi hamjui imetoka kwa nani. Siku wimbo ukishika, kampuni ya simu ikautaka uwe mwito wa simu, utaonyesha karatasi gani? Sheria ya hakimiliki ya Uganda ni ya mwaka 2006, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake mjukuu wako anaweza kula jasho lako. Ofisi ya serikali ya kuandikisha hakimiliki, URSB, iko hapo Kampala, safari ya taksi moja. Ada ya pale haifiki mlichotumia kwa zile fulana za kutukanana.

Halafu lugha. Ninyi mmelelewa kwa Kinubi na Kiswahili, lugha zinazoeleweka Arua, Busia, Juba, Bunia, kisha mnaimba Kijamaika cha kuunga ambacho hata Mjamaika angeomba kirudiwe. Mwimbaji wetu Madoxx Sematimba aliimba rege ya mizizi kwa Kiganda cha kawaida, na "Tukolagane" ni ya mwaka 2000. Mimi bado naombwa kuipiga.

Kuimba juu ya rekodi huku umeshika maiki tu sitasema mengi. Bendi yetu ya Afrigo wanapiga vyombo tangu 1975. Tafuteni mpiga gitaa mmoja, basi, pumzi itakuja yenyewe.

Mwisho ni wa baa. Mwimbaji Radio wa kundi la Goodlyfe, sauti tamu kuliko zote za wakati wake, alifariki Februari 2018 akiwa na miaka 33, baada ya kuumizwa katika ugomvi wa baa Entebbe. Shoo ikiisha, chukua hela yako, panda boda, nenda kwa mama yako. Mabinti, nanyi hilohilo, na msikubali promota anayesema malipo yenu yatazungumzwa hotelini.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa barazani kwangu. Kambi zote mbili zije. Kila mmoja aje na daftari la mashairi yake na jina la aliyetengeneza mdundo. Asiyelijua jina hilo aanze kumtafuta mwenyewe leo usiku, maana nitaliuliza kabla ya chai.