Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliomba tuache kuongeza nyimbo mpya, tuisome kazi moja, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Mozart, mpaka tuielewe. Baadhi yenu mliuliza opera hiyo inatuhusu nini wanakwaya wa hapa. Swali hilo lilikuwa la haki, nami nalijibu leo.

Mozart aliitoa "Filimbi ya Ajabu" mjini Vienna Septemba 1791, akafariki Desemba hiyo hiyo. Kundi la waimbaji na waigizaji la Isango la Cape Town, Afrika Kusini, chini ya mwongozaji Mark Dornford-May, liliichukua likaiita Impempe Yomlingo, jina hilohilo kwa Kixhosa. Violini ziliwekwa kando, muziki ukapangwa upya kwa marimba na ngoma. Filimbi yenyewe ikawa tarumbeta mkononi mwa Mandisi Dyantyis. Pauline Malefane, binti wa Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, aliimba wimbo wa Malkia wa Usiku, ambao sauti ya kwanza yetu iliujaribu ikaishia njiani. Mwaka 2007 walikuwa katika ukumbi wa maigizo wa Young Vic, London, na mwaka 2008 wakatuzwa tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya huko.

Kilichonigusa mimi ni jando. Mozart alikuwa Freemason, yaani mwanachama wa chama chenye taratibu za siri, na majaribu anayopitia kijana Tamino katika opera hiyo yametokana na taratibu za chama hicho. Isango waliyaona majaribu hayo kwa jicho la Waxhosa: kijana anatengwa, ananyamazishwa, anapitishwa kwenye moto na maji, anarudi mtu mzima. Wazee wetu waliopita jandoni hawakuhitaji kuelezwa. Mmoja wao alisema, "Kumbe huyu mzungu alikuwa anajua."

Halafu kuna chupa. Kengele za Papageno, mtega ndege, Isango walizipiga kwa chupa zenye maji. Jumamosi moja nasi tulijaribu. Akina mama wa sauti ya pili walikaa na kijiko, wakipunguza maji tone kwa tone huku mwalimu akigonga na kusikiliza. Maji yakizidi, sauti inashuka. Mpaka magharibi tulikuwa na chupa tano tu zinazokubaliana, lakini zilipolia kwa mfuatano, watoto waliokuwa dirishani waliimba nasi. Kwangu hiyo ndiyo saa bora ya mwaka mzima.

Ukumbi tulioulipia kwa onyesho la Novemba tuliukuta umefungwa, na fedha bado tunazidai. Hesabu nyingine atazisoma mweka hazina.

Kamati inapendekeza mwakani tuimbe kwa Kiswahili kipande cha Papageno na mpenzi wake Papagena. Tafsiri imeanza, na maneno yetu yanayoishia na irabu yanaingia vizuri kwenye sauti. Mkiridhia, mazoezi yaanze Jumamosi ijayo saa tisa alasiri. Kila mmoja aje na chupa moja ya kioo. Ya plastiki hailii.