Kabla hatujapanda kungumanga Ukerewe

Mhariri,

Kila mjadala wa uchumi wa Ukerewe, kisiwa chetu cha Ziwa Victoria, ukianza, hakosekani mtu wa kuitaja Grenada: kisiwa cha Karibi kilicho kidogo kuliko chetu, na bado ni nchi kamili tangu mwaka 1974. Hapo hajakosea. Ukijumlisha na visiwa vyake vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, Grenada nzima ina kilomita za mraba 344, wakati kisiwa cha Ukerewe peke yake kinapita 500. Wao ni watu laki moja na ushei, wengi wakiwa wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani; wilaya yetu imeshavuka laki tatu. Tatizo ni ushauri unaofuata: basi na sisi tupande kungumanga, kiungo kinachoitambulisha Grenada.

Mkungumanga unataka joto la nyanda za chini, mvua nyingi na udongo usiotuamisha maji. Kilele cha juu kabisa cha Grenada, Mount Saint Catherine, kina mita 840. Ziwa letu liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Mvuvi wa dagaa aliyeketi mtumbwini hapa yuko juu kuliko mlima wao mrefu kuliko yote!

Halafu kuna suala la mti dume na mti jike. Ukipanda kwa mbegu huwezi kujua umepata nini mpaka mti uchanue, na hiyo ni miaka mitano hadi minane. Dume mmoja anatosha majike kumi hivi; wanaozidi ni wa kukata. Miche ya kubebesha, yaani kijiti cha mti unaojulikana kikiungwa kwenye mche mwingine, inapunguza bahati nasibu hiyo, ila mingi haishiki. Na mizizi ya mti huu haiendi chini sana. Ndiyo maana kimbunga Janet cha 1955 kiliangusha mashamba, na Ivan, Septemba 7, 2004, kikarudia kazi ileile na kuua watu 39. Kabla ya Ivan, Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa zao hili, nyuma ya Indonesia. Leo kungumanga bado imo kwenye bendera yao, lakini mzigo mkubwa wa uchumi umebebwa na utalii na chuo cha udaktari kinachosomesha wageni, hasa Wamarekani.

Kinachofaa kuigwa kiko ghalani, katika miji ya Grenada kama Gouyave. Mkulima anamenya basibasi, ule utando mwekundu unaoshika ganda, na kuipeleka kando na kungumanga. Kungumanga hutandazwa kivulini kwenye vichanja, ikigeuzwa kila siku kwa wiki sita hadi nane, mpaka ukiitikisa kokwa inagonga ndani ya ganda. Ukiharakisha kwa jua kali, mafuta yanayeyuka na kokwa inakuwa ya kuvunjikavunjika. Ukiifungia na unyevu, inaota ukungu na mnunuzi anarudisha mzigo. Baada ya kuvunja ganda, kokwa humwagwa kwenye maji: iliyozama ni nzima, iliyoelea ina kasoro na inakwenda kukamuliwa mafuta. Kisha hupangwa kwa ukubwa, na kila daraja lina magunia yake.

Ushirika wao wa kungumanga, ulioanza 1947, humlipa mkulima malipo ya awali anapofikisha mzigo, kisha humwongezea bakaa mauzo yakiwa mazuri. Kwa utaratibu huo anaona mwenyewe tofauti ya bei kati ya mzigo safi na mzigo wa hovyo.

Machungwa yetu, ambayo hayahitaji kusubiri miaka minane kujua jinsia, yanavushwa kwenda Mwanza kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, makubwa na madogo, mabivu na yaliyopondeka, yote bei moja. Wanaotaka tuige Grenada waanze na meza ya kuchambulia pale gati la Nansio, mizani iliyopimwa, na daftari la daraja mbili. Gharama yake ni mbao, misumari na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza