Samaki wa tangini achaguliwe kwa tabia, si kwa rangi ya pazia

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa mapambo ya nyumba. Amewashauri wanaotaka tangi la samaki sebuleni watazame kwanza rangi ya mapazia na makochi, ndipo wachague samaki wa kuoana navyo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Maweni, Malindi. Kuoanisha rangi ndiyo riziki yangu, kwa hivyo simdharau. Lakini pazia halikutazami. Samaki hukutazama, tena wako wanaokutazama kweli kweli, na kama mtu atalisha na kubadilisha maji kila wiki, heri amfugie kiumbe anayejua kwamba yeye yupo.

Wanaoongoza kwa hilo ni ukoo wa sikilidi. Jina geni, samaki wenyewe si wageni: perege tunayemkaanga ni wa ukoo huo, na furu wa Ziwa Victoria pia. Mteja wangu mmoja kila akija kuchukua deraa husimama mbele ya tangi na kuniuliza, "Fundi, huyu mbona humtii ndimu?" Nami humjibu kwamba huyo ndiye mwenye duka, mie nimeajiriwa tu.

Huyo ni oska, samaki wa asili ya Amazon. Tangi lake liko ubavuni mwa cherehani, na shughuli yake mchana kutwa ni kuchungulia shughuli za watu. Nikivuta tepu ya kupimia, hii ya manjano, huifuata kutoka kona hii hadi ile, na nikiitundika shingoni husimama palepale kuingoja. Nikishika kopo la chakula hupanda juu na kupiga maji kwa mkia. Vitambaa vya hariri vimehamia rafu ya mbali kwa sababu hiyo. Hapendi kupangiwa nyumba. Jiwe nililoliweka kulia kesho yake liko kushoto, na mmea haukai siku mbili bila kung'olewa. Siku ya kubadilisha maji hulala ubavu chini, hatikisiki, ungesema amekufa. Msichana anayenisaidia alipiga ukelele alipomwona hivyo mara ya kwanza. Kumbe ni kununa. Oska ndivyo walivyo, wakihamishwa au wakivurugiwa makao hulala hivyo, na hasira ikiisha huinuka na kudai chakula.

Shida yake ni ukubwa, na hapo ndipo penye ugomvi wangu na wauzaji. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, na hakuna anayekwambia kwamba atafika sentimita 30, pengine azidi, na sehemu kubwa ya urefu huo ataipata katika mwaka wa kwanza. Jirani yangu aliuziwa wanne pamoja na tangi la lita 60, akaambiwa wamepata nyumba. Walipokua hawakuweza hata kugeuka, na maji yalianza kunuka kabla wiki haijaisha. Oska mmoja anataka lita 300 hivi, chujio lenye nguvu na kifuniko kizito, maana huruka. Kama huna nafasi hiyo, hata akikupendeza vipi, mwache dukani.

Kwa nyumba nyingi za hapa petu mimi husema: tafuteni samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Kitaalamu wanaitwa Neolamprologus multifasciatus. Dume mkubwa ni wa sentimita 5 hivi, jike ni mdogo zaidi, na lita 60 zilizowashinda oska zinawatosha hawa kundi zima. Mahitaji yao ni mchanga na makombe matupu, basi. Kila jike ana kombe lake na mpaka wake. Asubuhi utamwona akichota mchanga kwa mdomo na kuutema mbele ya mlango wa mwenzake. Mwenzake hutoka, akauchota, akaurudisha ulikotoka. Hapo yule wa kwanza hutanua mapezi yote, na kesi huanza, kama ya majirani waliofagiliana taka. Wateja wangu wanaongoja kupimwa husahau hata walichokuja kushona. Ukitia kidole majini kusawazisha mchanga, huyo mdogo asiyejaa kiganjani hutoka kombeni kukipiga kwa mdomo, kukimbia hajui. Watoto wakianguliwa huanza kuchungulia mlangoni mwa kombe, na ukoo mzima huongezeka bila wewe kufanya lolote.

Makombe msiende kuyaokota katika Hifadhi ya Bahari. Eneo lile linalindwa tangu 1968. Konokono wakubwa wa mashambani wanatosha. Okota makombe matupu baada ya mvua, yachemshe, yasuuze mpaka harufu iishe.

Hawa wa Tanganyika wana sifa nyingine inayotufaa, nayo ni maji. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ndiyo maana sabuni haitoi povu na birika hushika ukoko mweupe. Chokaa hiyo inayotuudhi jikoni ndiyo inayowafaa, kwa kuwa ziwa lao lina maji magumu yenye pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (7 ni katikati, juu yake si machachu), inayokaribia 9. Wa Amazon wamezoea maji laini. Oska huvumilia, lakini diskasi, yule mviringo mwenye michoro mizuri ambaye bila shaka angefanana na mapazia ya watu, atakutoa jasho. Onja maji ya kisima chako kwanza: kilichoingiwa na bahari kina chumvi, na chumvi si chokaa. Maji ya mfereji yana klorini, yakae siku nzima kwenye ndoo wazi. Na tangi jipya lisijazwe samaki siku moja, maana bakteria wanaoivunja sumu ya kinyesi chao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukaa sawa.

Wako wanaoniambia kwamba haya ya kujuana na samaki ni mazoea yangu tu, samaki hana akili hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha majaribio waliyomfanyia samaki mwingine wa Tanganyika, Neolamprologus pulcher. Walimwonyesha picha zilizochanganywa, uso wa samaki anayemjua na mwili wa asiyemjua, na kinyume chake. Ikaonekana kwamba jirani yake humtambua kwa alama za usoni. Mwenye kuujua uso wa jirani, kwangu si ajabu akaujua na wa anayemlisha.

Mbuna wa Ziwa Nyasa, hao wa manjano na buluu, ni wachangamfu sana, ila uchangamfu wao ni wa wao kwa wao. Hufukuzana kutwa, kwa hivyo huwekwa wengi na mawe tele ili ubabe usimwangukie mmoja. Wengi wao hula mwani, msiwape nyama. Yuko pia Jack Dempsey wa Amerika ya Kati, aliyepewa jina la bondia wa Marekani, bingwa wa uzani wa juu kati ya 1919 na 1926. Anamjua mwenyewe, lakini msimchanganye na wanyonge.

Dukani msichague kwa macho tu. Mwambie muuzaji awape chakula ukiwa umesimama pale, uone nani anakuja na nani anajikunyata. Pitisha kidole polepole juu ya kioo. Anayekifuata, mapezi ameyatandaza na macho maangavu, ndiye wako. Aliyebana mapezi konani usimchukue kwa huruma, huenda ni mgonjwa na atawaambukiza wengine.

Na oska akikushinda mrudishe ulikomnunua au mpe mwenye tangi kubwa, usimtupe Mto Sabaki. Mto ule una sikilidi wake, perege aitwaye Oreochromis spilurus, ambaye jike wake hulea mayai na watoto mdomoni. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu hazionekani tena.

Wauzaji wa Mombasa na wa hapa Malindi nawaomba kitu kimoja: chini ya bei, waandike kwenye kioo urefu ambao samaki atafikia akikomaa na lita anazohitaji. Kalamu ya kuandikia kioo haishindi bei ya oska mmoja.

Fundi Cherehani,
Maweni, Malindi